Haki za uvuvi za makabila ya Marekani na samoni wa asili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu wanaohamia huku Washington na Oregon wanauliza kila msimu wa samaki ukifika, na waswahili tumekuwa wengi sasa, Wakongo, Wakenya, Waburundi, Watanzania, kuanzia Seattle mpaka Portland. Mtu anapita juu ya daraja, anaona nyavu zimetegwa mtoni, anauliza ni za nani, anaambiwa "za Wahindi wekundu, wao wanaruhusiwa", yani wenyeji wa asili wa Marekani, basi anabaki na nusu ya habari, na hiyo nusu inageuka kuwa lawama. Nimejaribu kuyajibu yote hapa. Mengine nimejibu kwa kirefu sana kwa sababu ndo yenye kiini, mengine mafupi.

Samoni ni samaki gani na kwa nini watu wanapigana kwa ajili yake?

Samoni anazaliwa kwenye maji baridi, mtoni huko juu milimani, kwenye kokoto. Akikua kidogo anateremka na mto hadi baharini, anakaa Pasifiki miaka kadhaa anakula na kunenepa, alafu anarudi. Na harudi mto wowote tu, anarudi mto uleule aliozaliwa, akifika karibu anautambua kwa kunusa maji. Anapanda maporomoko, anaruka mawe, hali chakula njiani, anataga, anakufa. Wa Pasifiki wako aina 5 kubwa huku, chinuki, koho, sokai, pinki na chamu, na chinuki ndo mkubwa kuliko wote.

Mizoga yao inakuwa mbolea. Dubu wanawaburuta msituni, tai wanakula, wadudu wanakula, na wanasayansi wamepima wakakuta nitrojeni ya baharini ndani ya miti iliyoota kando ya mito. Yani ule msitu umelishwa na bahari kupitia samaki. Nyangumi wauaji wa Puget Sound, ile ghuba ya bahari ya Seattle, nao, wale wanaokaa humuhumu na ambao serikali iliwatangaza kuwa hatarini kutoweka mwaka 2005, chakula chao kikuu ni chinuki. Kwa hiyo ukigusa samoni umegusa kila kitu.

Kwa makabila ya huku, Nisqually, Puyallup, Lummi, Makah, Yakama, Nez Perce, Umatilla, Warm Springs na wengine, samoni ni chakula, ni biashara na ni ibada. Samaki wa kwanza wa msimu anapokelewa kwa sherehe, analiwa na jamii nzima, na kuna jamii ambazo mifupa yake inarudishwa mtoni kwa heshima ili wenzake waendelee kuja.

Kwa nini wao wanaruhusiwa kutega nyavu na mimi siruhusiwi? Si upendeleo huo?

Hapana, na hili swali ndo mzizi wa yote, naomba usome taratibu.

Kati ya Desemba 1854 na katikati ya 1855 gavana wa teritori ya Washington (yani eneo la Marekani ambalo lilikuwa bado halijawa jimbo), Isaac Stevens, alizunguka kwa haraka haraka kusainisha makabila mikataba. Wa kwanza ulikuwa wa Medicine Creek, tarehe 26 Desemba 1854, ukafuata wa Point Elliott, Point No Point, Neah Bay, alafu akaenda ng'ambo ya milima kwa Yakama, Walla Walla, Umatilla na Nez Perce. Kwa mikataba hiyo makabila yaliachia mamilioni ya ekari, karibu ardhi yote unayoiona leo ukiendesha gari kutoka Seattle kwenda popote, wakabakiwa na maeneo madogo ya hifadhi yao. Lakini kuna kitu walikataa kukiachia. Waliandikisha kwamba haki ya kuvua samaki kwenye sehemu zao zote za siku zote wanabaki nayo, kwa pamoja na raia wote wa teritori.

Sasa fikiria mzee anauza shamba lakini anaandika kabisa kwenye hati kwamba ile njia ya kisimani na ule mwembe wa babu yake haviuzwi. Aliyenunua akija baada ya miaka akasema "mbona huyu mzee nampa maembe bure" atakuwa anakosea, mana hampi chochote, mwembe haukuwahi kuwa wake. Ndo hivyo hivyo. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema jambo hilo mwaka 1905 kwenye kesi ya Winans, pale wazungu walipoziba njia ya Wayakama kwenda kuvua mto Columbia: mkataba haukuwapa Wahindi haki, wao ndo waliitoa haki kwa Marekani, na ambacho hawakukitoa kimebaki chao. Mahakama ikaongeza kwamba samaki kwa hawa watu walikuwa karibu ni lazima kama hewa wanayovuta.

Kwa hiyo wewe na mimi tukivua kwa leseni, tunavua kwa ruhusa ya jimbo. Wao wanavua kwa haki ambayo ni ya zamani kuliko jimbo lenyewe, Washington imekuwa jimbo mwaka 1889.

Mkataba wa miaka 170 iliyopita bado una nguvu kweli?

Una nguvu. Katiba ya Marekani, ibara ya 6, inasema mikataba ni sheria kuu ya nchi, juu ya sheria za majimbo. Haina tarehe ya kuisha. Na hati za umiliki wa ardhi za wazungu wa huku zinasimama juu ya mikataba hiyohiyo, kwa hiyo anayesema imezeeka aangalie pia anachokisimamia chini ya miguu yake.

Kama haki ilikuwepo mbona walikuwa wanakamatwa?

Kwa sababu jimbo halikuiheshimu, ni hivyo tu. Miaka ilivyokwenda viwanda vya makopo vilijaa kwenye mito, vikavua bila huruma, samaki walipoanza kupungua sheria za "kuhifadhi" zikaletwa, na zilipoletwa zikamwangukia mvuvi wa mwisho kabisa mtoni, yule Mhindi mwenye wavu mmoja, wakati boti kubwa za baharini zilishachukua zao kabla samaki hajafika mtoni. Hifadhi ikatumika kama fimbo ya kumchapia mtu ambaye hakumaliza samaki.

Billy Frank Jr. wa kabila la Nisqually alikamatwa mara ya kwanza mwaka 1945, ana miaka 14, kwa kuvua kwenye mto wa wazee wake. Alikuja kukamatwa zaidi ya mara 50 maishani. Miaka ya 60 wakaanza kuvua kwa makusudi mchana kweupe, huku askari wa wanyamapori wanaangalia, ili wakamatwe na kesi ifike mahakamani. Pale Frank's Landing kwenye mto Nisqually akina mama na watoto walipigwa, mitumbwi na nyavu zikachukuliwa. Muigizaji Marlon Brando alikuja akakamatwa nao mto Puyallup Machi 1964, na mwanaharakati mweusi Dick Gregory alikwenda jela kwa kuvua pamoja nao. Watu weusi waliokuwa wanapigania haki za kiraia kipindi hicho waliwaelewa hawa haraka sana na wakasimama nao.

Septemba 1970 polisi walivamia kambi ya wavuvi kando ya mto Puyallup, Tacoma, kwa mabomu ya machozi na virungu, watu kama 60 wakakamatwa. Mwanasheria wa serikali kuu, Stan Pitkin, alikuwepo pale akayaona. Siku chache baadae serikali kuu ikalishtaki jimbo la Washington.

Hukumu ya Boldt ni nini? Kila mtu anaitaja

Hiyo kesi iliangukia kwa Jaji George Boldt, mtu mhafidhina, aliyeteuliwa na rais Eisenhower, makabila wenyewe hawakuwa na matumaini naye makubwa. Alisikiliza wazee wa makabila wakieleza nani alivua wapi, alisikiliza mtaalamu wa elimu ya binadamu, akasoma kumbukumbu za mazungumzo ya mikataba, na tarehe 12 Februari 1974 akatoa hukumu. Maneno "kwa pamoja na" maana yake ni kugawana sawa. Kwanza wanaachwa samaki wa kutosha kupanda mtoni wakatage, hao hawaguswi na mtu, alafu wanaobaki, wale wanaoweza kuvuliwa bila kuharibu kizazi, makabila yana haki ya hadi nusu yao. Na makabila yatashirikiana na jimbo kusimamia uvuvi kama washirika wenye sauti sawa.

Wakati huo makabila yalikuwa yanapata karibu asilimia 5 tu ya samaki wote. Kwa hiyo unaweza kuelewa kelele zilizotokea. Sanamu ya jaji ilinyongwa hadharani, maboti yalivua usiku kinyume na amri, jimbo likagoma kutekeleza mpaka mahakama ya serikali kuu ikabidi isimamie uvuvi yenyewe. Julai 1979 Mahakama ya Juu ikaithibitisha hukumu kwa sehemu kubwa, na mzozo wa kisheria juu ya mgao wa nusu ukaishia hapo, ingawa wa mioyoni haujaisha mpaka leo, ukikaa kwenye duka la vifaa vya uvuvi dakika kumi utausikia.

Upande wa Oregon, Jaji Robert Belloni alikuwa ameshasema mwaka 1969 kwamba makabila ya mto Columbia yana haki ya kupata fungu lao halali la samaki. Boldt alikuja akaweka namba.

Nusu kwa watu wachache hivyo sio nyingi mno?

Hesabu ya mkataba sio hesabu ya vichwa. Pande mbili zilisaini, kila upande una sehemu yake. Na nusu ni kiwango cha juu, sio kwamba lazima waichukue yote, miaka mingi samaki wakiwa wachache makabila wanafunga uvuvi wao wenyewe kabla hata ya kuombwa.

Lakini si wao ndo wanamaliza samaki na nyavu zao?

Hii naisikia kila mwaka na inaniuma. Wavu unauona kwa sababu uko mtoni mbele ya macho yako. Huoni boti zilizowavua baharini Alaska na Kanada kabla hawajafika, huoni kijito kilichozibwa na barabara, huoni maji yaliyopata joto kwenye bwawa. Uvuvi wa makabila unahesabiwa, unafunguliwa na kufungwa kwa siku na saa kulingana na idadi ya samaki iliyokadiriwa, ambayo wataalamu wa makabila na wa majimbo wanakaa pamoja kila mwaka kuipanga.

Kabla wazungu hawajaja inakadiriwa samoni milioni 10 hadi 16 walikuwa wanapanda mto Columbia kila mwaka. Hao watu walivua hapo maelfu ya miaka na samaki hawakuisha. Waliisha ndani ya karne moja na nusu. Kilichobadilika katikati hapo sio wavu wa Myakama.

Nani basi kawamaliza?

Sababu ni nyingi, viwanda vya makopo, ukataji magogo uliojaza tope kwenye mazalio, kilimo cha umwagiliaji kilichokausha mito, miji. Lakini nianze na mabwawa ya umeme mana hapo ndo palipoumiza zaidi.

Kulikuwa na maporomoko yanaitwa Celilo kwenye mto Columbia. Watu walikuwa wanasimama kwenye majukwaa ya mbao yaliyoning'inia juu ya maji yanayochemka, kila familia na jukwaa lake la urithi, wanatumbukiza wavu wenye mpini mrefu wanamtoa samoni mzima mzima. Lilikuwa soko kubwa kuliko yote ya ukanda huu kwa maelfu ya miaka, makabila yalitoka mbali kuja kubadilishana bidhaa. Tarehe 10 Machi 1957 milango ya bwawa la The Dalles ilifungwa na kwa masaa machache tu Celilo ikazama, wazee wamesimama ukingoni wanaangalia. Serikali ililipa fidia ya fedha. Maporomoko hayakurudi.

Juu zaidi bwawa la Grand Coulee, lililokamilika mwaka 1942, lilijengwa bila njia yoyote ya samaki kupita. Hamna kabisa. Mamia ya kilomita ya mto juu yake yakawa hayana samoni tena, pamoja na maporomoko ya Kettle. Juni 1940, kabla maji hayajafika, makabila yalikusanyika Kettle kuaga. Waliita sherehe ya machozi.

Mabwawa mengine si yana ngazi za samaki?

Yanazo na zinasaidia wakubwa kupanda. Shida kubwa ni wadogo kushuka. Mto uliokuwa unakimbia umegeuka maziwa yaliyofuatana, maji yamesimama, yana joto, kifaranga aliyezoea kusukumwa na mkondo hadi baharini inabidi aogelee mwenyewe huku samaki wengine na ndege wanamwinda, alafu kwenye kila bwawa kuna mitambo. Samaki wa Idaho wanapita mabwawa 8 kwenda na 8 kurudi. Imefika mahali vifaranga wanapakiwa kwenye malori na matishari kuvushwa mabwawa, tangu miaka mingi. Mwaka 2015 joto la maji lilipanda sana na sokai kama laki mbili na nusu wakafa kwenye mto Columbia na vijito vyake kabla ya kutaga.

Sokai wa ziwa Redfish, Idaho, wanasafiri kilomita kama 1,450 kutoka baharini na kupanda karibu mita 2,000. Waliingizwa kwenye orodha ya viumbe wanaokaribia kutoweka mwaka 1991. Mwaka 1992 alirudi mmoja tu. Dume mmoja peke yake. Wakamwita Lonesome Larry, mbegu zake zikatumika kujaribu kuokoa kizazi.

Si wazalishe tu vifaranga kwa wingi wawamwage mtoni?

Wanafanya hivyo zaidi ya miaka mia, na makabila wenyewe wana vituo vyao vya kutotolesha vifaranga, kwa hiyo sitaki kuongea kama vile ni kitu kibaya. Bila vituo hivyo kuna mito leo isingekuwa na samaki hata mmoja. Kabila la Nez Perce walirudisha koho kwenye mto Clearwater baada ya koho wa bonde la mto Snake, unaoingia Columbia, kutangazwa kuwa wametoweka miaka ya 80, na wamerudi kiasi cha watu kuvua tena, pamoja na wasio wa kabila.

Ila samaki wa kituo na wa asili hawalingani. Wa asili amechujwa na mto wake vizazi na vizazi, anajua lini ateremke, lini arudi, anavumilia joto la kwao. Wa kituo amelelewa kwenye birika, analishwa, akitoka anagombania chakula na wa asili na wakizaliana naye ule uimara unapungua. Ndio maana wengi wa kituo wanakatwa kapezi kadogo ka mgongoni karibu na mkia, ili mvuvi ajue huyu wa kubaki naye na yule wa kurudisha. Kuna wanaharakati wa mazingira wanaotaka vituo vifungwe kabisa, na hapo wanagongana na makabila, ambao wanajibu: mlituharibia mto, mkatupa vituo kama fidia, sasa mnataka kutunyang'anya na hivyo kabla mto haujapona? Mimi naona makabila wana hoja. Tengeneza mto kwanza, vituo vitapungua vyenyewe.

Na samoni wa kufugwa wa supamaketi?

Huyo ni mada tofauti. Mara nyingi ni samoni wa Atlantiki aliyefugwa kwenye vizimba baharini. Agosti 2017 kizimba kilivunjika karibu na kisiwa cha Cypress, Washington, samaki wageni zaidi ya laki mbili wakatoroka, na wavuvi wa Lummi waliacha shughuli zao wakaenda kuwatoa majini. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likapiga marufuku ufugaji huo wa samaki wa kigeni kwa kuukomesha taratibu.

Haki ya kuvua inahusianaje na makalavati ya barabara?

Swali zuri kuliko yote, kwa sababu linaonyesha haki na hifadhi ni kitu kimoja. Barabara ikivuka kijito wanaweka kalavati chini. Likiwekwa juu sana au likiwa jembamba maji yanatoka kwa kasi, samaki hawezi kuingia, kijito chote cha juu kinakuwa kimekufa kwa ajili ya bomba moja. Jimbo la Washington lilikuwa na mamia ya namna hiyo.

Mwaka 2001 makabila yalikwenda mahakamani yakasema: mna deni la samaki kwetu, mkataba uliahidi samaki, haukuahidi haki ya kutumbukiza wavu kwenye maji matupu. Mahakama ikakubali mwaka 2007, mwaka 2013 ikaamuru jimbo litengeneze makalavati na kufungua sehemu kubwa ya mazalio ifikapo 2030. Jimbo likakata rufaa hadi Mahakama ya Juu, na Juni 2018 majaji wakagawanyika 4 kwa 4, jaji mmoja alijitoa, kwa hiyo amri ikabaki kama ilivyo. Ukiona barabara imefungwa kwa miezi na kibao kimeandikwa wanatengeneza njia ya samaki, jua imetoka hapo. Najua foleni inachosha, lakini hiyo kazi inafaidisha kila mvuvi, mwenye mkataba na asiye nao.

Kuna na jambo la matairi. Mwaka 2020 watafiti wa huku waligundua kwamba kemikali inayotokana na vumbi la matairi, mvua ikiiosha barabarani ikaingia kwenye kijito, inaua koho ndani ya masaa, kabla hajataga. Mpaka leo bado inatafutwa namna ya kuiondoa kwenye matairi.

Kubomoa bwawa kunasaidia kweli au ni siasa?

Kunasaidia na ushahidi upo. Mto Elwha, kabila la Lower Elwha Klallam, ulikuwa na mabwawa 2, la kwanza lilikamilika 1913 bila ngazi ya samaki, la pili 1927. Chinuki wa pale walisifika kufika zaidi ya kilo 45. Karibu miaka mia samaki walikuwa na kilomita 8 tu za kutumia chini ya bwawa. Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 1992, ubomoaji ukaanza 2011 ukaisha 2014. Bwawa lilipokauka kabila wakaona tena mahali ambapo mapokeo yao yanasema waliumbwa, pamekuwa chini ya maji vizazi kadhaa. Na hao watu, ambao walisubiri miaka mia, waliacha kuvua kwa hiari kuanzia 2011 ili samaki wajae kwanza. Waliruhusu uvuvi mdogo wa koho wa chakula na sherehe Oktoba 2023. Miaka 12 bila kuvua mto wao wenyewe! Anayesema makabila hayajali hifadhi aeleze hilo.

Alafu Klamath, mpakani mwa Oregon na California. Mwaka 2002 samaki zaidi ya elfu 30 walikufa sehemu ya chini ya mto kwa wiki chache, maji yalikuwa machache na ya moto, ugonjwa wa matamvua ukawapitia. Vijana wa kabila la Yurok walioona ile mizoga ndo waliokuja kuongoza kampeni, pamoja na Karuk, Hoopa na Klamath. Mabwawa 4 yameondolewa, la mwisho 2024, ubomoaji mkubwa kuliko wowote katika historia ya Marekani. Na Oktoba 2024, wiki chache tu baada ya kazi kuisha, chinuki walionekana juu ya yalipokuwa mabwawa. Hakuna aliyewaonyesha njia.

Na yale mabwawa 4 ya mto Snake?

Ice Harbor, Lower Monumental, Little Goose na Lower Granite, yaliyokamilika kati ya 1962 na 1975. Nez Perce na wenzao wanataka yaondolewe, wakulima wa ngano wanayatumia kusafirishia nafaka kwa matishari na kampuni za umeme zinayategemea. Desemba 2023 serikali kuu ilikubaliana na makabila 4 pamoja na majimbo ya Washington na Oregon kuwekeza kwenye umeme mbadala na kurudisha samaki, Juni 2025 serikali iliyofuata ikajitoa. Kwa hiyo limerudi mahakamani na kwenye siasa. Msimamo wangu ni kwamba ngano inaweza kupanda treni, samoni hawezi.

Makabila wenyewe wanafanya nini zaidi ya kwenda mahakamani?

Mengi kuliko watu wanavyojua. Baada ya hukumu ya Boldt makabila 20 ya magharibi mwa Washington yaliunda tume yao ya uvuvi, Billy Frank Jr. aliyekamatwa mara zote zile akaja kuwa mwenyekiti wake kwa zaidi ya miaka 30, akikaa meza moja na maofisa wa jimbo lililomfunga. Alifariki 2014, mwaka uliofuata akapewa nishani ya juu ya uhuru ya rais. Makabila 4 ya Columbia nayo yana tume yao tangu 1977, Portland. Wameajiri wanabiolojia, wana askari wao, wana maabara.

Mfano ninaoupenda ni Umatilla. Mto wao ulikauka kwa sababu ya umwagiliaji, samoni walikuwa hawaonekani karibu miaka 70. Badala ya kupigana na wakulima mpaka mwisho walikaa nao, wakakubaliana maji ya mashamba yavutwe kutoka Columbia, na ya mto Umatilla yabaki mtoni. Samoni wakarudi na mkulima hakupoteza shamba. Kwenye mlango wa mto Nisqually kuta za udongo zilizokuwa zinazuia bahari zilibomolewa 2009, ekari zaidi ya 700 zikarudi kuwa tope la chumvi ambalo vifaranga wanalihitaji kabla ya kwenda baharini. Na juu ya Grand Coulee makabila yameanza kurudisha samoni, 2023 wakapata makubaliano ya dola milioni 200 kwa miaka 20.

Kanada wana utaratibu gani?

Wao sehemu kubwa ya British Columbia hawakusaini mikataba kabisa, haki yao ya asili inalindwa na katiba ya 1982, kifungu cha 35. Kesi kubwa ni ya Sparrow, mvuvi wa jamii ya wenyeji ya Musqueam aliyekamatwa 1984 kwa wavu mrefu kuliko ulioruhusiwa. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya Kanada ikasema baada ya hifadhi, uvuvi wa chakula na sherehe wa wenyeji unatangulia mbele ya biashara na michezo.

Naweza kununua samaki kwao? Na mimi nikitaka kuvua?

Kununua ndio, na nakushauri. Msimu wa biashara ukifunguliwa wavuvi wa makabila wanauza kando ya mto Columbia, Cascade Locks chini ya daraja ni sehemu maarufu. Nenda na pesa taslimu na boksi lenye barafu, omba risiti, na usinunue kwa ajili ya kuuza tena kama huna leseni ya biashara hiyo. Uliza alivuliwa lini, watakwambia, na watakwambia na namna ya kumkausha kwa moshi ukiwauliza kwa adabu.

Kuvua, unahitaji leseni ya jimbo na kadi ya kuandikia samaki unaowapata, kanuni zinabadilika mto kwa mto na hata wiki kwa wiki, zisome kabla hujatoka nyumbani. Angalia lile pezi la mgongoni. Kama halijakatwa, sehemu nyingi unatakiwa umwachie, na usimtoe majini kupiga naye picha, mtoe ndoano akiwa ndani ya maji aende zake. Na ukikuta wavu wa kabila umetegwa usiuguse wala usiuendee na boti, kuuharibu ni kosa la jinai, na mwenye nao huenda yuko pale ukingoni anakuangalia.